Larbi Ben Barek: Nyota wa Casablanca aliyeng'ara Ulaya kabla ya wote

Miaka mingi kabla majina ya George Weah, Samuel Eto'o na Mohamed Salah hayajasikika redioni, Mwafrika mmoja alikuwa tayari anajaza watu viwanjani Marseille, Paris na Madrid. Aliitwa Larbi Ben Barek, mshambuliaji kutoka Morocco. Alivaa jezi ya timu ya taifa ya Ufaransa kwa muda wa miaka 15 na miezi 10, muda mrefu kuliko mchezaji mwingine yeyote wa nchi hiyo. Alishinda ligi ya Hispania mara mbili. Alipofariki mwaka 1992, alikuwa peke yake nyumbani kwake, na siku kadhaa zilipita kabla mwili wake haujagunduliwa.

Makala hii inafuatilia safari yake, kutoka mitaa ya Casablanca hadi Ulaya na kurudi.

Kijana wa Casablanca

Ben Barek alizaliwa Casablanca, mji wa bandari ulioko pwani ya Atlantiki. Vitabu vingi vinataja Juni 16, 1917 kuwa siku yake ya kuzaliwa, ingawa vingine vinasema ni mwaka 1914. Alikuwa bado mdogo alipofiwa na mzazi, na alikulia katika umaskini. Mpira aliujifunza kama watoto wengi wa Afrika wanavyoujifunza hadi leo: mtaani, miguu peku, kwa mpira wa kuunda.

Wakati huo Morocco haikuwa huru. Tangu mwaka 1912 sehemu kubwa ya nchi ilikuwa chini ya Ufaransa, na eneo la kaskazini lilikuwa mikononi mwa Hispania. Sultani alikuwepo, lakini wenye amri walikuwa Wafaransa. Hata klabu kubwa za mpira mjini Casablanca ziliendeshwa na walowezi wa Kizungu. Mmorocco aliyetaka kucheza mpira wa kiwango cha juu ilimbidi awe hodari kiasi kwamba wasingeweza kumwacha.

Ben Barek alikuwa hodari kiasi hicho. Alianzia klabu ndogo ya Idéal Club, kisha akachukuliwa na US Marocaine, moja ya timu zenye nguvu kuliko zote Afrika Kaskazini. Miaka mingi baadaye klabu hiyohiyo ilimtoa Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech aliyeifungia Ufaransa mabao 13 katika Kombe la Dunia la mwaka 1958, rekodi ambayo haijavunjwa.

Kuvuka bahari

Katikati ya mwaka 1938, Ben Barek alivuka Bahari ya Mediterania na kujiunga na Olympique de Marseille. Marseille ni mji wa bandari kama Casablanca, wenye mchanganyiko wa watu kutoka kila upande wa bahari hiyo. Mashabiki walimpenda tangu siku za mwanzo. Msimu wake wa kwanza ulimalizika Marseille ikiwa nafasi ya pili katika ligi ya Ufaransa, nyuma ya Sète.

Siku hizo timu zilipanga washambuliaji watano: mawinga wawili, mmoja wa kati, na wawili wa ndani waliounganisha kiungo na ushambuliaji. Ben Barek alikuwa mshambuliaji wa ndani, yule ambaye sisi tungemwita namba 8 au namba 10. Alikuwa na chenga, pasi, mashuti ya miguu yote miwili na vichwa. Aliutuliza mpira kwa urahisi, na tukumbuke kwamba mpira wa wakati ule ulikuwa wa ngozi iliyofungwa kwa kamba, na ulipolowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe.

Magazeti ya Ufaransa yalimpa jina la Lulu Nyeusi. Lilikuwa jina la sifa, lakini lilionyesha pia macho ya zama zile: kabla ya kutajwa kwa mchezo wake, alitajwa kwa rangi yake. Baadaye jina hilo walipewa wachezaji wengine weusi, akiwemo Pelé wa Brazil.

Siku ya Naples

Alikuwa na miezi michache tu Ulaya alipoitwa katika timu ya taifa ya Ufaransa. Mechi yake ya kwanza ilichezwa Desemba 4, 1938 mjini Naples, dhidi ya Italia. Haikuwa mechi ya kawaida.

Italia ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia, na ilikuwa chini ya utawala wa Mussolini. Mwaka huohuo serikali yake ilikuwa imepitisha sheria za ubaguzi wa rangi na wa Wayahudi. Siku nne kabla ya mchezo, wabunge wa Italia walipaza sauti bungeni wakidai maeneo yaliyokuwa chini ya Ufaransa, ikiwemo Tunisia na mji wa Nice. Uhasama huo ulihamia uwanjani. Wafaransa walipokewa kwa miluzi na kelele, na Ben Barek akawa mlengwa wa pekee kwa sababu ya rangi yake. Inasimuliwa kwamba wimbo wa taifa wa Ufaransa ulipopigwa, yeye ndiye aliyeuimba kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Italia ilishinda bao 1-0. Hata hivyo Wafaransa waliona wamepata mchezaji. Hapa ndipo ilipoanza hali ambayo ingemfuata maisha yake yote: alikuwa akiitetea bendera ya nchi iliyoitawala nchi yake, kwa sababu Morocco haikuwa na timu ya taifa ambayo angeweza kuichezea.

Vita vyakata safari

Septemba 1939 vita vya pili vya dunia vilianza. Ligi ya Ufaransa ilivurugika, na Ben Barek akarudi Casablanca kuichezea tena US Marocaine. Hapo alikaa hadi vita vilipomalizika mwaka 1945.

Kwa mshambuliaji, umri wa kuanzia miaka 22 hadi 28 ndio umri wa dhahabu. Miguu ina kasi, pumzi ipo, na akili ya mchezo imekomaa. Ben Barek aliutumia umri huo mbali na viwanja ambavyo dunia ilivitazama. Kombe la Dunia la mwaka 1942 na lile la 1946 hayakufanyika kabisa. Ndiyo maana wanaomlinganisha na magwiji wa baadaye hupata shida: picha za filamu za mchezo wake ni chache, na miaka yake bora ilimezwa na vita.

Paris, na kocha aliyekulia Casablanca

Mwaka 1945 alirudi Ufaransa, safari hii akiwa mchezaji wa Stade Français ya Paris. Klabu hiyo ilikuwa daraja la pili. Kocha wake alikuwa Helenio Herrera, mzaliwa wa Argentina ambaye wazazi wake walihamia Morocco akiwa mtoto. Herrera alikulia Casablanca na kuanza kucheza mpira hukohuko. Alimjua Ben Barek na alijua aina ya soka aliyotoka nayo.

Msimu wa kwanza tu timu ikapanda daraja la kwanza. Herrera naye baadaye akawa mmoja wa makocha mashuhuri zaidi duniani, aliyeipa Inter Milan ubingwa wa Ulaya mwaka 1964 na 1965. Lakini huko Paris alikuwa bado kijana anayejijengea jina, na Ben Barek alikuwa mmoja wa nguzo zake.

Auzwa Madrid

Mwaka 1948 Stade Français ilimuuza Ben Barek kwa Atlético Madrid. Bei inayotajwa ni faranga milioni 17, fedha nyingi mno kwa mchezaji wa wakati ule. Uuzaji huo ulizua malalamiko Ufaransa, kwa kuwa wapenzi wa soka waliona hazina yao imeuzwa nje.

Fedha hizo zilikwenda kwa klabu. Ni vyema kueleza jinsi mfumo ulivyokuwa. Nchini Ufaransa, mchezaji wa kulipwa akishasaini mkataba alikuwa mali ya klabu yake mpaka atimize miaka 35. Klabu ndiyo iliyoamua abaki au auzwe, na kwa bei gani. Hakuwa na uwezo wa kusubiri mkataba uishe kisha achague pa kwenda, kama wafanyavyo wachezaji wa leo. Mfumo huo ulidumu hadi mwaka 1969, baada ya wachezaji kuupinga kwa miaka. Kwa hiyo tunaposikia kwamba Ben Barek aliuzwa kwa mamilioni, tusidhani kwamba yeye ndiye aliyetajirika.

Hispania aliyoifikia ilikuwa chini ya Jenerali Franco, miaka tisa tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Franco alikuwa amepigana vita hivyo kwa kutumia maelfu ya wanajeshi wa Kimorocco, na watu wengi wa Madrid walikuwa na kumbukumbu chungu za wanajeshi hao. Sasa Mmorocco mwingine aliingia mjini, na silaha yake ilikuwa mpira.

Ben Barek aliwashinda kwa mchezo wake. Mwaka 1949 Herrera naye alifika Atlético, na wawili hao wakakutana tena. Safu ya ushambuliaji ilikuwa na Juncosa, Ben Barek, Pérez-Payá, Msweden Henry Carlsson na Escudero. Watu waliiita safu ya kioo: iling'aa, lakini wachezaji wake hawakukawia kuumia. Langoni alisimama Mfaransa Marcel Domingo, aliyetoka Stade Français pamoja na Ben Barek.

Matunda yalikuja upesi. Msimu wa 1949-50 Atlético ilitwaa ubingwa wa Hispania kwa tofauti ya pointi moja dhidi ya Deportivo La Coruña. Msimu uliofuata bingwa alijulikana siku ya mwisho. Atlético ilikwenda kucheza na Sevilla, timu pekee iliyoweza kuipokonya taji, nyumbani kwa Sevilla. Matokeo yalikuwa sare ya 1-1, na kombe likarudi Madrid. Baada ya hapo Atlético ilisubiri hadi mwaka 1966 kuwa bingwa tena.

Kwa miaka mitano ya Madrid, Ben Barek alicheza zaidi ya mechi 100 za ligi na kufunga zaidi ya mabao 50. Mashabiki walimwita Mguu wa Mungu.

Bendera inamsahau, tetemeko linamkumbusha

Akiwa Hispania, timu ya taifa ya Ufaransa iliacha kumwita. Kwa takriban miaka sita, kuanzia 1948 hadi 1954, hakuvaa jezi hiyo, ingawa alikuwa bingwa wa ligi kubwa. Mwaka 1950 Ufaransa haikwenda Kombe la Dunia Brazil. Mwaka 1954 ilikwenda Uswisi, ikatolewa hatua ya makundi, na Ben Barek hakuwemo kikosini. Kwa hiyo mtu aliyeitumikia Ufaransa kwa kipindi kirefu kuliko wote hakucheza hata dakika moja ya Kombe la Dunia.

Wakati huo alikuwa amesharudi Marseille. Alirejea mwaka 1953, akiwa na umri ambao wengi huwa wameshatundika daluga. Mwaka 1954 timu ilifika fainali ya Kombe la Ufaransa na kufungwa na Nice mabao 2-1.

Kisha likatokea jambo lisilotarajiwa. Septemba 9, 1954, tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji wa Orléansville nchini Algeria na kuua zaidi ya watu elfu moja. Mechi ya kuchangia waathirika ikaandaliwa mjini Paris Oktoba 7: timu ya taifa ya Ufaransa dhidi ya kombaini ya wachezaji kutoka Afrika Kaskazini. Waafrika walishinda 3-2, na Ben Barek alicheza kama kijana.

Wateuzi wa Ufaransa hawakuweza tena kumpita. Siku tisa baadaye, Oktoba 16, 1954, alianza katika mechi dhidi ya Ujerumani Magharibi mjini Hannover. Wajerumani walikuwa mabingwa wapya wa dunia, miezi mitatu tu tangu walipotwaa kombe. Ufaransa ilishinda 3-1. Ben Barek aliumia na hakumaliza mchezo huo, na ndio uliokuwa wa mwisho wake kwa timu ya taifa. Alikuwa na miaka 37, na kama wanaosema alizaliwa 1914 wako sahihi, basi alikuwa na 40.

Hesabu yake kwa Ufaransa ni mechi 17 na mabao 3. Tarakimu hizo ni ndogo, lakini kati ya ile ya kwanza na ya mwisho kuna vita vya dunia na miaka sita ya kuachwa nje.

Kurudi nyumbani

Wiki mbili baada ya mechi ya Hannover, vita vya ukombozi vya Algeria vilianza. Ben Barek alimalizia siku zake za uchezaji katika nchi hiyohiyo, kwenye klabu ya USM Bel Abbès, kuanzia mwaka 1955. Afrika Kaskazini ilikuwa inabadilika kwa kasi. Machi 1956 Morocco ilipata uhuru. Mwaka 1958 wachezaji kadhaa wa Algeria waliokuwa wakilipwa vizuri Ufaransa walitoroka kwa siri, wakaenda Tunis kuunda timu ya wapigania uhuru wa nchi yao. Kizazi hicho kilipata nafasi ya kuchagua bendera. Kwa Ben Barek uhuru ulifika miguu ikiwa imeshachoka.

Lakini alipewa kazi nyingine. Morocco huru ilipounda timu ya taifa, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa kocha. Mechi ya kwanza ilichezwa Oktoba 19, 1957 mjini Beirut, Lebanon, katika michezo ya mataifa ya Kiarabu. Morocco ilitoka sare ya 3-3 na Irak. Kwa mara ya kwanza Ben Barek alisimama uwanjani chini ya bendera ya nchi yake, japo alikuwa kwenye benchi.

Mwisho wa upweke

Baada ya hapo jina lake lilianza kufifia. Televisheni ilikuja na mashujaa wapya, na vijana wa Casablanca waliozaliwa baada ya uhuru hawakuwahi kumwona akicheza. Maneno yanayohusishwa na Pelé humweka Ben Barek juu ya yeyote anayeitwa mfalme wa soka, lakini sifa za wakubwa hazikubadilisha maisha yake ya kila siku. Aliishi maisha ya kawaida mjini Casablanca, na uzeeni alibaki mpweke.

Hakuwa peke yake katika hali hiyo. Gunnar Andersson, Msweden aliyecheza naye Marseille na ambaye ni mfungaji bora wa historia ya klabu hiyo, alifariki mjini humo mwaka 1969 akiwa fukara, na umri wa miaka 41 tu. Wachezaji wa zama zile walishangiliwa na maelfu, lakini siku walipoacha kucheza, wengi hawakuwa na akiba wala mtu wa kuwauliza hali.

Kifo cha Ben Barek kinatajwa kuwa Septemba 16, 1992. Majirani na mashabiki wa zamani walishtuka kusikia kwamba mtu aliyejaza viwanja vya nchi tatu alikuwa amelala maiti kwa siku kadhaa bila yeyote kujua.

Heshima zilifuata baadaye. Mwaka 1998 FIFA ilimtunuku nishani yake ya heshima, miaka sita baada ya kuzikwa. Mjini Casablanca uko uwanja wa mpira unaoitwa kwa jina lake.

Desemba 2022, Morocco ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Njiani iliitoa Hispania kwa mikwaju ya penalti, na aliyepiga penalti ya mwisho alikuwa Achraf Hakimi, mzaliwa wa Madrid, mji ambao Ben Barek aliuletea ubingwa mara mbili. Hakimi angeweza kuichezea Hispania, lakini alichagua Morocco. Waliowazuia kuingia fainali walikuwa Ufaransa, timu ambayo Ben Barek aliichezea miaka 15 kwa sababu hakuwa na nyingine ya kuchagua.